Tangu Sista Janelle Atukataze Kuanguka

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Uuguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umesimama au umelala, vyovyote upendavyo. Mwenzako hiari hiyo sina tena.

YAH: OMBI LA KUMNYIMA SHAHADA SISTA JANELLE ODEGAARD

Mimi ni Verlyn Haverkamp, refa mstaafu wa mieleka ya shule za sekondari hapa Iowa, na sasa ni mkazi wa nyumba ya wazee ambako mwanafunzi wako ni muuguzi. Anasomea kwenu udaktari wa uuguzi, ule wa vitendo. Alitueleza mwenyewe kwamba udaktari huu hauridhiki na kitabu kinene. Lazima mtu abadilishe jambo kazini kwake na aonyeshe kwamba limebadilika kweli. Angeweza kubadilisha kahawa yetu, ambayo ni maji yaliyosimuliwa habari za kahawa. Yeye akachagua kuanguka. Sasa hapa haanguki mtu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Tumevishwa soksi zenye vitone vya mpira kwenye nyayo. Nikipiga hatua nakwama kama gari kwenye tope. Vitanda vimeshushwa, vidonge vya usingizi vimepunguzwa, na Sista kila mara anachungulia mlangoni kuniuliza kama nataka kwenda msalani. Mara nyingi nataka kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

2. Sheria ya nyumba hii ni kwamba mzee akianguka, jamaa zake wapigiwe simu siku hiyo hiyo. Mwanangu Curtis yuko mbali, huko Arizona, na ana shughuli nyingi, simlaumu. Lakini nilipoanguka bafuni alinipigia, nilipoanguka karibu na mashine ya barafu alinipigia, na nilipoanguka Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba ya familia kula pamoja, tuliongea mpaka pai yangu ya maboga ikaliwa na Bi. Ardith, jirani yangu wa mezani. Tangu mradi uanze, kimya. Nimekuwa salama kiasi cha kukosa mtoto, na naumia.

3. Nilijaribu kulitatua jambo hili kiungwana. Juzi baada ya chakula nilijilaza sakafuni taratibu, chali, mabega yote mawili chini. Kwenye mieleka hapo mchezo umekwisha. Sista akaja, akachuchumaa, akasema, "Mzee Verlyn, kuanguka ni kufika chini bila kukusudia. Wewe umekusudia." Akaniwekea mto. Simu hakupiga. Nikamwambia nilikusudia nusu tu, akasema nusu haihesabiwi. Nimekuwa refa maisha yangu yote na sijawahi kuonewa namna ile.

4. Mambo haya yakiachwa yatasambaa. Leo wamezuia kuanguka, kesho watazuia nimonia, keshokutwa kifo chenyewe, na hapo Curtis atakosa sababu hata ya kuja mazishini.

Kwa hiyo naomba shahada izuiwe. Ikishindikana, turuhusiwe walau kuanguka kwa zamu. Bi. Ardith yuko tayari kunipa zamu yake, maana wanawe wanaishi mtaa wa pili na wamemchosha.

Nisalimie walimu, makarani na wanafunzi wote, hasa wale ambao bado hawajachagua mradi.

Ndimi, niliye wima bila ridhaa yangu,
Verlyn Haverkamp

Tanbihi: Nilimpa Sista barua hii anisahihishie tahajia. Akaisoma mpaka mwisho, akakaa kitandani kwangu, kisha akachukua simu. Curtis akapokea kwa hofu. "Baba, umeanguka?" Nikamwambia sijaanguka. "Sasa kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, nataka tu kukusikia. Nikamsikia akivuta kiti, halafu akaanza kunieleza habari za paa lake linalovuja, na sijawahi kufurahia paa bovu kiasi kile. Sista anasema kuanzia sasa jamaa watapigiwa kila wiki ambayo mzee wao hakuanguka, na jambo hilo linaingia kwenye mradi wake. Mpeni shahada yake upesi. Mkitaka kunijibu kwa simu, msipige Jumapili jioni; nitakuwa naongea na mwanangu.