Wali wa Njano wa Nafasi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Juni
Gunarto wa kwanza tena! Andika "murai haimbi" kwenye simu yoyote hapa Yogyakarta, anatokea yeye na kipara chake, tundu la ndege mkononi. Tovuti yangu iko ukurasa wa nne, chini ya muuza chanjo za kuku. Na ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta! Murai wake, ndege huyo wa nyimbo, anaimba tangu alfajiri. Wangu, Joko, hajafungua mdomo tangu Ramadhani. Hilo siandiki kwenye tovuti.

Pak RT, bwana mkubwa wa mtaa wetu, ametangaza shindano la ndege. Mwamuzi mkuu atakuwa yule ambaye simu inamtaja kwanza, ati yeye hataki lawama za upendeleo. Kiti kile nakitaka mno.

Jumanne, 4 Juni
Wenye mtambo wa kutafutia habari kwenye simu wametangaza sasisho kuu. Gunarto, kwa kiherehere chake, alikuja kunieleza kabla sijamaliza kahawa. Alisema sasisho kuu si adhabu kwa mtu, ni kurasa zote kupimwa upya. Sasisho la taka ni jingine, hilo ndilo huwaandama wanaonakili. Na yote husambazwa polepole, pengine wiki mbili, nafasi zikipanda na kushuka. "Kwa hiyo Mas Wagiman, kaka yangu, usishangilie kitu mpaka watangaze limekamilika."

Nikaitikia kwa adabu. Mtu hatoi siri bure. Huyu ameingiwa na hofu!

Jioni nimechukua makala yake ya kulisha murai nyenje, nimeiweka kwangu. Sijanakili. Kila penye nyenje nimeweka panzi.

Ijumaa, 7 Juni
WA KWANZA! Nilimwita mke wangu, Lastri, aje aone. Akasema hongera, na akauliza nguo zitaanuliwa lini. Nimezianua kwa furaha.

Gunarto wa sita. Nilipita mbele ya nyumba yake mara kadhaa bila shughuli yoyote. Alikuwa anamwogesha ndege wake huku akipiga mluzi. Mtu aliyeanguka anapigaje mluzi? Imeniuma kuliko alipokuwa juu.

Hapa kwetu aliyepata neema hualika majirani, akakata kilele cha mlima wa wali wa njano na kumpa anayemheshimu zaidi. Nitaalika Jumapili. Lastri aliuliza kama sasisho limekamilika. Nikamwambia asiniletee maneno ya Gunarto ndani ya nyumba yangu.

Jumapili, 9 Juni
Sina hamu ya kuandika. Lakini naandika.

Bu Sumirah, mama mpishi wa mtaa, alipika vizuri, mlima wa wali ulisimama wima, kuku pembeni. Nilihutubia. Nikamkatia Pak RT kilele, nikamwomba afungue simu mbele ya watu wote. Akavaa miwani. Akasogeza kidole. Akasogeza tena.

"Pak Wagiman, mbona sikuoni?"

Nikasema niko juu kabisa. Akasema juu yupo Pak Gunarto. Bu Sumirah akadakia kutoka jikoni: "Shuka Pak, shuka! Labda yuko kwa wale wa chanjo za kuku!" Watu walicheka mpaka wali ukawapalia.

Gunarto hakucheka. Alinishika bega, akasema matokeo bado yanayumba, huenda nikarudi. Huruma yake hiyo! Afadhali angenicheka. Kisha akaomba aongezewe kuku.

Alhamisi, 20 Juni
Wametangaza: limekamilika. Gunarto wa kwanza, na ndiye mwamuzi mkuu. Pak RT amemshonea batiki. Mimi hata chanjo za kuku sizioni kwa mbali.

Nilimwendea Gunarto, nikasema nauliza kwa niaba ya rafiki ambaye tovuti yake imeanguka. Akasoma ukurasa wa huyo rafiki. Alipofika kwenye panzi, akanyanyua macho akanitazama. "Huyo rafiki yako, Mas, aandike anachokijua mwenyewe."

Nikarudi kumwambia Lastri. Niandike nini, habari za ndege bubu? Lastri akasema hizo yeye angezisoma. Nimemnunia. Nikaziandika hizohizo ili kumkomoa: Joko, ukimya wake, dawa zote nilizomnywesha bure, siku aliponinyea kichwani.

Jumatatu, 1 Julai
WA PILI! Ukurasa wa Joko! Watu wananiandikia kwamba ndege wao nao ni mabubu. Na leo limeanza sasisho jingine, la taka. Nimeelewa sasa. Ni wale panzi, walichelewa tu kufanya kazi.

Kwa hiyo nimefuta habari za Joko, ni aibu. Mahali pake nimeweka makala mpya ya Gunarto. Penye nyenje, safari hii, mabuu. Bu Sumirah nimemwagiza wali wa njano, mlima mkubwa kuliko ule.

Gunarto yuko getini, anaita kwa sauti: "Mas! Ndiyo kwanza limeanza! Tena hili ni la taka!"

Wivu tu. Nimejifunika shuka, nimemwambia Lastri aseme nimelala.