Vitufe Vyetu Vimerudi Kuwa vya Kijani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika, waheshimiwa wakuu wa huduma, waheshimiwa makaimu wao na makaimu wa makaimu, papa na mama mliosimama kwa sababu viti ni vya protokoli: kwa taadhima kubwa natangaza kwamba leo, saa nne na dakika kumi na mbili, vitufe vya kompyuta ya ofisi yetu ya vyeti vya kuzaliwa vimerudi kuwa vya kijani. (Makofi ya watumishi. Wananchi wanangoja.)

Bon. Wenye nia mbaya, kuanzia mtaa wa Makiso hadi wa Mangobo, wanauliza kwa nini, tangu tuzindue kompyuta na kufunga daftari la zamani kwa heshima zote, siku kumi na moja zimepita bila mtoto hata mmoja kupata cheti. Nitajibu kwa takwimu. Mimi mwenyewe, kwa maono yangu, nilimwagiza Mademoiselle Déborah, fundi wetu wa kuchora sura ya programu, kitufe cha kufuta jina kiwe chekundu, kisha nikasaini waraka namba saba: mtumishi asiguse chekundu bila idhini yangu ya maandishi. Alors, Déborah alipobadilisha rangi, vitufe vyote arobaini na viwili, katika madirisha yote sita, viligeuka vyekundu kwa mpigo, yaani asilimia mia moja, ufanisi usiopata kuonekana katika jimbo letu la Tshopo. Watumishi wangu, kwa nidhamu, wakakunja mikono. (Sauti ya mwanamke: "Siku kumi na moja zote?" Mtumishi: "Jumapili tulikunjua, mama.")

Nikaunda Tume. Tume ilianzia bwawani, kuhakikisha kwamba umeme unaotoka huko si mwekundu. Siku ya tisa Déborah akapewa ruhusa ya kusema. Alisema ndani ya programu vitufe vyote vinachovya katika kopo moja la rangi. Ukibadilisha iliyomo koponi, umevibadilisha vyote. Donc kile cha kufuta kipewe kopo lake. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. "Nilisema, Chef. Mukaniambia nilete barua ya kuomba kusema." (Kicheko nyuma, watu wa protokoli wanakizima.) Leo kitufe cha kufuta kina kopo lake binafsi, kama mimi nilivyo na choo changu. (Makofi marefu.)

(Mama Sikujua, mwuza mboga ya pondu, anasogea mbele. "Papa Chef, shule inafunga orodha ya mtihani wa serikali leo saa sita. Bila cheti, mutoto yangu Chance atakaa mwaka muzima nyumbani. Finya basi hiyo bouton ya kijani, tuone.")

Mama mpendwa, swali lako ni la kimkakati, na ndiyo maana tutaanza na kaulimbiu. Kijani? (Watumishi: "Gusa!") Chekundu? ("Kunja mikono!") Maono ya nani? ("Ya Chef.") Sikusikia vizuri, lakini asanteni.

Kwa kumalizia, namshukuru Déborah, aliyechora vitufe hivi kwa uzalendo, nawashukuru wajumbe wa Tume, akiwemo Papa Hamadi, mwandishi wetu wa daftari, na naishukuru mapema serikali, ambayo mwaka ujao, Mungu akipenda, itatuletea fundi wa kuandika kazi ambayo vitufe hivyo vitafanya. Kwa sasa ukifinya kitufe, kinafinyika tu.

Mama Sikujua, muone Papa Hamadi, afungue daftari. Cheti kinaandikwa kwa kalamu. Ni dakika tano.