Vipimo vya Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Juni
Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Dada: sikumpima Mwalimu Mkuu.

Mimi na Dada ni Mikono Minne, washonaji wa nguo kwa mkono. Cherehani hatuna na hatutaki. Yeye hukata, hushona na kutarizi. Mimi huchora na kupima. Mmoja haingilii kazi ya mwenzake, ndiyo sheria. Basi nikaenda ofisini na utepe wangu. Mwalimu Mkuu akanyanyua mikono, akasema haya mwanangu, fanya kazi yako. Kumzungushia utepe kifuani mtu aliyewahi kunirudisha nyumbani kwa sababu ya soksi! Sikuthubutu. Nikamzunguka mara mbili nikiguna kama fundi, nikaandika tarakimu. Zote za kubuni. Nimesoma vitabu vitatu vya mitindo. Hakuna chenye sura inayohusu woga.

Jumanne, 4 Juni
Dada ameshakata! Kitambaa ni hicho hicho kimoja, amekitia rangi mwenyewe kwa wiki tatu. Gauni la Mwalimu Mkuu ni la mahafali, Ijumaa linajaribiwa. Anasema likipendeza, wazazi wote watatujua. Likiharibika, anarudi kiwandani kushona magunia, na Mikono Minne ndiyo basi. Nikamwambia asiwe na shaka. Shaka zangu zilitosha watu wawili.

Jumatano, 5 Juni
Mpango! Nyuma ya mlango wa ofisi hutundikwa koti, nikajua ni la Mwalimu Mkuu. Wakati wa mapumziko nikanyemelea, nikalipima kwa rula ya jiometri. Mabega kama kabati! Karani akanifuma. Akauliza nina shida gani na koti la mlinzi. La mlinzi! Nikasema nilidhani ni pazia. Akacheka mpaka akakaa, akasema hawa watoto wa vitabu, iko siku watasalimia mlango.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeamua kuungama. Nimekariri hotuba nzima, utangulizi mpaka hitimisho. Nikamkuta Dada anamalizia kola, plasta kwenye vidole vinne. Akasema, mdogo wangu, bila vipimo vyako ningekuwa napapasa gizani. Hotuba sikuitoa. Nikaosha vyombo vyote, hata visafi.

Ijumaa, 7 Juni
Gauni liligoma mabegani. Dada akavuta. Mwalimu Mkuu akabana pumzi. Uzi ukalia tap! Dada akanigeukia taratibu. Nikafungua mdomo.

Mwalimu Mkuu akaniwahi. Akanong'ona eti amenenepa, aibu gani hii, na tangu Jumatatu tu! Akatusihi tusimwambie mtu. Kuanzia leo hatakula chakula cha mchana.

Hapo ndipo pa kusema kweli. Nikasema hutokea, Mwalimu.

Dada akasema ameacha kitambaa cha akiba ndani ya mishono, gauni litatanuka, lakini mara moja tu. Tukikosea tena, kitambaa kwisha. Akanikabidhi utepe nipime upya, pole pole, akatoka kutafuta uzi.

Mwalimu Mkuu akanyanyua mikono. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nikamzunguka mara mbili, nikaguna. Kisha nikafungua daftari, nikachukua tarakimu za Jumatatu, nikaongeza sentimita nne kila mahali, hata kwenye urefu wa mikono.