Kikomo cha Kabati Langu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkuu wa idara ya fizikia atakagua ofisi yetu Alhamisi. Ninaitumia na Bi Nadhifu, mhadhiri mwenzangu (jina nimempa mimi). Atakayekutwa na vurugu atahamishiwa stoo chini ya ngazi. Meza yake inang'aa. Yangu sijaiona tangu mwaka jana. Nalipenda dirisha letu, jamani. Stoo siendi!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Entropia, yaani kipimo cha mvurugo, ina kikomo. Kiasi kinachoweza kuingia mahali hakipimwi kwa ukubwa wa ndani, bali kwa eneo la uso wa nje. Ukizidisha, panaporomoka na kuwa shimo jeusi. Basi cha muhimu ni nje! Wahenga walishasema: funika kombe mwanaharamu apite. Nimeshindilia kila kitu kabatini: mitihani isiyosahihishwa, nyaya, darubini mbovu, viatu vya mvua. Kisha nikang'arisha mlango. Bi Nadhifu alijitolea kunisaidia kupanga. Nikakataa. Akasema hata yeye anafundisha somo hilo, na kwamba bawaba zitaachia mapema sana kabla ya kufikia shimo jeusi. Wivu huo!

Jumatano, 5 Machi
Mlango hautaki kufungika. Nilitaka kurudisha vitabu nyumbani. Mke wangu akasema kikiingia hata kimoja, nitalala nacho sebuleni. Nimelifunga kabati kwa mkanda wangu wa suruali. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu alisifu usafi. Kichwa kikanivimba, nikaanza kumweleza nadharia. Nikainua mikono yote miwili kumwonyesha upana wa ulimwengu. Suruali ikashuka! Nikadaka kabati nisianguke, mkanda ukachomoka, bawaba zikaachia. Mkuu, akiwa chini ya mitihani, aliuliza kama hilo ndilo shimo jeusi. Nikamjibu hapana, tuko mbali sana na kikomo. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimo stoo. Hakuna dirisha. Roho inaniuma, sifichi. Bi Nadhifu alinibebea maboksi bila kunicheka hata kidogo, na hilo limeniudhi zaidi. Lakini nimepiga hesabu upya. Nadharia haina kosa! Kosa ni la fundi aliyetengeneza kabati. Nimemwomba Mkuu kabati la chuma. Nje nitalipaka rangi mwenyewe. Ya ndani hayamhusu mtu.