Swala Juu ya Waya

Jumatatu, 11 Mei 2009
Chama chetu cha Waswahili kimepewa ukuta katika maktaba ya kitongoji cha Rinkeby. Picha za viumbe wa hapa mjini, na jina la Kiswahili chini ya kila moja, ili watoto wetu wasiishie kwenye Kiswidi. Sasa ndege, vuli wadudu na mimea. Kila ndege picha moja tu. Miaka thelathini na mitano napiga picha nchi hii. Sijatundikwa popote ila kwenye mlango wa friji yangu.

Jumatano, 13 Mei
Anastase, fundi bomba mstaafu wa Bukavu, amempiga picha ndege wangu: yule mdogo mwenye mkia uliogawanyika panda. Wake anaonekana hadi manyoya ya kidevu. Wangu ni ukungu juu ya waya. Nimemweleza Dorothée, mwenyekiti, kwamba majina yakikosewa tutawapotosha watoto. Akasema basi kagua wewe, Mzee Deusdedit, mtu wa Pangani. Ndivyo nilivyotaka.

Ijumaa, 15 Mei
Anastase ameandika "mbayuwayu". Eti kamusi. Linasikika kama mtoto anayejifunza kusema. Nimelikata kwa wino mwekundu, na picha yake nimeitoa. Yangu imetundikwa. Chini yake, herufi kubwa: SWALA. Neno lilinijia lenyewe. Mimi sihitaji kamusi.

Jumamosi, 16 Mei
Ufunguzi. Watu walisimama mbele ya picha yangu muda mrefu. Nikadhani ni heshima. Anastase akauliza, wote wasikie: Muzee, hii swala yenu ya Pangani, pembe iliziacha wapi? Mama mmoja akasema labda simba yuko waya wa pili. Dorothée akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwa upole uliouma kuliko vile vicheko: Mzee, *svala* ni jina lake la Kiswidi.
Nikatafuta kichwani jina ambalo mama yangu alimwita ndege huyu. Hapakuwa na kitu.
Alasiri picha ya Anastase ilikuwa ukutani. Yangu nimerudi nayo nyumbani Farsta kwa treni, nimeigeuzia kifuani.

Jumapili, 17 Mei
Tofauti ya herufi moja. Yeyote angeteleza. Nimempigia Dorothée: maonyesho ya wadudu yatahitaji mkaguzi, na mimi nipo. Akasema tutaona. Hiyo si hapana. Anastase ameshapeleka orodha yake; nakala ninayo. Pembeni ya yule mdudu wa manjano na mweusi, mwenye kiuno chembamba na mwiba mkali, ameandika "nyigu". Sijapata kusikia neno kama hilo. Nimelikata.