Kwa Gia ya Kwanza Hadi kwa Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

…na ndiyo maana nikamjibu wifi kwamba hapana, ahsante, sipandi nyuma. Niendelee hapo hapo, maana jana usingizi ulinikata katikati ya sentensi. Wifi, dada wa mume wangu, anasambaza mikate kwa pikipiki ya kiwanda. Kila Alhamisi anapita kambini, kwenye ujenzi wa daraja, ambako mume wangu (mume wangu! bado naandika neno hili nikitabasamu peke yangu kama mwehu) anachomelea vyuma. Eti nipande nyuma anifikishe. Nyuma! Pale panapofungwa makreti! Nifike mbele ya mwanamume aliyenioa Januari hii hii, nimefungwa kwa mpira kama mikate ya asubuhi? Wifi akasema mikate angalau hainuni.

Tulikaa pamoja siku tisa tu baada ya harusi. Ya kumi, lori la kampuni likaja kumchukua. Hana likizo mpaka mwisho wa mwezi huu. Akaniachia chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, mto wenye harufu ya nywele zake, na pikipiki. Hiyo pikipiki naiita Mke Mwenza. Mwingine hana, wala asithubutu. Lakini jinsi alivyokuwa akiipangusa! Mimi mwenyewe sijawahi kupanguswa vile. Aliniomba niipashe moto kila Ijumaa. Ndipo wazo likaja, safi kabisa: nitajifunza kuiendesha. Nitatokea kambini mwenyewe, nimekaa mbele, mikono usukanini. Atadondosha alichoshika. Atasema hakujua ameoa mwanamke wa aina gani.

Nimeanza leo baada ya kazi. Nimetazama watu wakiendesha maisha yangu yote, kwa hiyo mwalimu wa nini? Nikapiga kiki. Sikujua Mke Mwenza alilazwa akiwa kwenye gia. Akaruka! Tukapita kwenye kamba ya nguo ya mama mkwe, tukaishia ukutani, nami nimeviringishwa shuka lake la maua kuanzia utosini. Mama mkwe akatoka, akauliza kama huko sekondari ndivyo tulivyofundishwa kuanua nguo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunguza kola. Nafanya kazi kwa dobi, upande wa pasi, na ubaya wa kazi hii ni mashati ya wanaume. Kila shati lina mabega. Leo lilikuja la buluu, mabega mapana kama ya nanihii wangu. Nikalinyoosha taratibu, nikalifunga vifungo, nikaliuliza kama limekula. Moshi ndio ulionizindua. Bosi akasema fungate likiisha nimjulishe, ili arudishe imani ya wateja.

Jioni nimemwendea wifi kwa mbinu. Mbinu yenyewe: sifa. Nikamwambia mji mzima hakuna anayekata kona kama yeye. Akaendelea kutafuna karanga. Nikamwambia hata kaka yake hamfikii. Akasema nitoe ninachotaka, Bibi Harusi, jua linazama. Masharti: nimwite Mwalimu, na nimfulie sare ya kazi wiki nzima. Nimekubali. Kinyongo nimekiweka akiba.

Somo lilikuwa uwanja wa shule. Mkono wa kushoto klachi, wa kulia mafuta na breki, mguu wa kushoto gia, wa kulia breki nyingine. Nani alibuni chombo hiki, pweza? Eti bana klachi, tia gia, kisha iachie taratibu huku ukivuta mafuta. Nikabana, nikatia. Wifi akapiga kelele: Achia! Nikaachia. Vyote! Mikono miwili hewani kama mtu anayeombewa. Tukalala ubavu, mimi na Mke Mwenza, vumbi mpaka puani. Wifi akaja mbio, akainua pikipiki kwanza. Nimeliona hilo. Ndipo akanigeukia, akasema nimekwambia uachie klachi, sikukwambia uachie dunia.

Lakini kuna jambo sikumwambia. Ule mpira wa usukani, upande wa kushoto, umelika mahali kidole gumba cha mume wangu kinapokaa. Nikiweka changu pale, kinaingia kwenye kibonde. Sasa niachieje?

Alhamisi, 6 Machi

NIMEENDESHA! Uwanja mzima, goli hadi goli, gia ya kwanza, nikipiga yowe njia nzima! Kuku alinipita, lakini kuku yule alikuwa na haraka zake. Wifi anataka nitie gia ya pili. Nimekataa. Nikitia ya pili, injini inanyamaza kidogo, kisha dunia inaanza kukimbia. Ya kwanza inanguruma, unajua ipo. Polepole ndio mwendo, na methali hiyo sikuitunga mimi.

Kasoro ni moja tu. Ninapotazama ndipo ninapokwenda. Nilimtazama bawabu wa shule ili nimwamkie, tukamwendea. Akahamia kulia, nikamtazama kulia, tukamfuata kulia. Akaishia juu ya ukuta, akiuliza kwa sauti amenikosea nini. Nimejiwekea sheria: macho mbele, hata aite nani.

Wifi alipita kambini asubuhi. Nikamuuliza kaka yake kasemaje. Akasema anakusalimu. Anakusalimu, au anakusalimu sana? Akasema sana. Sana moja, au sana sana? Akasema wifi yangu, mimi nilikuwa nashusha mikate. Kisha akatupia tu, kama mtu anayetema ganda la karanga, kwamba kaka yake amefuga masharubu. Masharubu! Yameota juu ya mdomo ulio wangu mimi kihalali, na waliotangulia kuyaona ni msambaza mikate, mpishi wa kambi na wachanganya zege wote! Sikula. Nimekaa kitandani nikijaribu kuyapachika usoni pake. Membamba? Mazito? Yanachoma?

Ijumaa, 7 Machi

Amepiga simu! Kambini mtandao haupatikani mpaka mtu apande rundo la kokoto, na hata hapo unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya. Nilisikia upepo. Kisha sauti yake, ile yenye mchanga kidogo. Akasema: “Mpenzi, Jumapili nita—” Kokoto zikaporomoka, kwa nilivyosikia, na simu ikakatika.

Jumapili nita. Nita nini? Nimeshinda na hilo neno kutwa nzima, pasi mkononi. Nitakuota. Nitakuwaza. Nitakungoja! Bila shaka ni nitakungoja. Amenusa mpango wangu, moyo wa mtu huambiwa. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele, akasema asije akawa alitaka kusema nitakuja. Nikacheka kwa heshima. Mama hakusoma sarufi. Mimi nimefika kidato cha nne, natambua kitenzi kilichokatwa na hisia. Tena likizo ni mwisho wa mwezi, kila mtu anajua. Akasema haya, mwanangu, akarudi kwenye vijiwe vyake vya mchele.

Kwa hiyo ni Jumapili. Ananingoja!

Jumamosi, 8 Machi

Maandalizi. Nimesukwa mtindo wa siku ya harusi, ule ulioinuka. Helmeti ya wifi ikagoma kuingia. Nikaisukuma mpaka ikaingia. Sasa ikagoma kutoka. Nimekula chakula cha mchana kupitia kidirisha. Mama mkwe akaitoa kwa sabuni ya maji, akiuliza kama mahari ilihesabu kichwa hiki au bila.

Gauni ni lile jekundu. Mume wangu alilishika pindo mara moja akasema lisichakae kamwe. Nimelipiga pasi mara mbili, na halikuungua.

Baada ya chakula wifi akaja kukaa karibu nami, bila utani, jambo lililonitisha. Akasema kesho hana zamu. Nipande tu nyuma. Ndani ya saa moja tumefika, atanishusha kabla ya lango, niingie kwa madaha yangu yote, na akiulizwa atasema hanijui. Nilitaka kukubali, sifichi. Nilikwishamwona mume wangu akigeuka, mkono juu ya macho kukinga jua. Saa moja tu! Lakini nikafika bila usukani, atashangaa nini? Atasema umekuja, karibu, kaa. Basi. Na mimi sitaki kukaribishwa, nataka adondoshe kitu.

Nimemwambia wifi ahsante, Mwalimu, abiria si mimi. Akasema kiburi nacho kinataka mafuta, nijaze tangi.

Jumapili, 9 Machi

Nianze mwanzo.

Nilitoka asubuhi, gauni jekundu nimelichomekea ndani ya suruali ya mume wangu. Gia ya kwanza. Barabara ya vumbi, tulivu. Baiskeli zikanipita. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani tulikwenda sambamba kitambo, akanisimulia ugonjwa wa mwanawe mpaka mwisho, akanitakia safari njema, akanipita pia. Nilikuwa na furaha nisiyoijulia jina. Kila mti nilioufikia nilijua yeye aliupita kabla yangu.

Nusu ya njia, likaja lori la mchanga kutoka mbele. Likapiga honi. Juu yake mwanamume amesimama, anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele kama amepandwa na mashetani. Ningemtazama ningeingia chini ya magurudumu. Sheria ni sheria. Na hata bila sheria, mimi ni mke wa mtu, sitazami wanaume wa juu ya malori. Nikakaza shingo. Nilijiona mwaminifu mno, nikaanza kuimba.

Nilifika kambini jua likiwa utosini. Nikazima, nikapanga tabasamu. Mpishi wa kambi akatoka na mwiko, akauliza mimi ni nani. Nikajibu kwa madaha kwamba mimi ni mkewe fundi wa kuchomelea. Mwiko ukamdondoka. Angalau mtu mmoja amedondosha kitu. Akaita wenzake waje waone. Akasema shemeji, mumeo ameomba ruhusa ya siku moja, ametoka asubuhi na lori la mchanga, anakufuata wewe! Hamkupishana?

Nitakuja. Lilikuwa nitakuja.

Sikulia mbele yao. Wakanionyesha bombani anaponawia, benchi analokalia, shati lake la kazi kwenye kamba. Lina matundu madogo ya cheche kifuani. Nikalianua. Nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena. Mpishi akageuka akatazama sufuria zake.

Mke Mwenza akagoma kuwaka. Fundi mmoja akaigusa injini, akaondoa kidole upesi, akauliza nani amekuja na gia ya kwanza kutoka huko mpaka huku. Nikalikunja shati upya. Mpishi akapanda kokoto, akampigia wifi. Wifi akafika alasiri kwa pikipiki ya mikate. Hakunicheka. Nilimngoja anicheke, hakunicheka. Akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja. Nikapanda, Mke Mwenza tukamwacha kambini.

Na njiani, lori! Linarudi! Wifi akapiga honi, dereva akajibu honi, lakini hakusimama, mchanga unangojwa. Nikamwona! Amening'inia ubavuni mwa lori, mkono ameunyoosha, nami nikanyoosha yangu yote miwili, nikamwachia wifi, nusura nibaki barabarani. Vidole vyetu vilikosana kwa upana wa barabara tu. Akasema kitu. Upepo ukakichukua. Likapita.

Lakini niliyaona. Membamba, upande wa kushoto yameinama kidogo. Nimeyaona masharubu!

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe ananieleza kidogo kidogo jinsi mume wangu alivyoshinda jana hapa nyumbani, nami namrudisha nyuma. Alikaa wapi? Uani, akitazama lango, akingoja wifi yako akurudishe kabla lori halijamwita. Akafanya nini? Akakaza bawaba ya dirisha lenu. Halafu? Akajilaza kidogo, akalalia mto wako, si wake. Mto wangu! Bonde la kichwa chake bado lipo. Nimelala sakafuni ili nisilivuruge.

Ameniachia agizo. Mama mkwe alinishika mashavu yote mawili ndipo akalisema: Jumamosi ya tarehe 29 anaanza likizo. Mke Mwenza ataitengeneza mwenyewe, atakuja nayo mwenyewe. Mkewe akae nyumbani. Asitie mguu nje ya lango. Akae. Wifi akaongeza kwamba ikibidi atanifunga kwa mpira wa makreti, na safari hii hatauliza kama naona haya.

Nimeitikia. Ndiyo, mama. Ndiyo, Mwalimu. Nimefua sare ya wifi bila kuambiwa, nikamsifia kona zake.

Maana nimewaza. Mtu amechomelea vyuma majuma yote haya, mgongo unamuuma, halafu umwache aje njia yote ile peke yake, wewe umekaa kitako unangoja? Mke gani huyo! Jumamosi wifi hana zamu, hulala mpaka jua likaribie paa, na ufunguo wa pikipiki ya mikate hutundikwa msumarini nyuma ya mlango. Tarehe 29 nitaondoka mapema kabisa, kabla mume wangu hajapiga kiki. Macho mbele. Atakayenipungia njiani na anipungie.

Kwa hiyo usijisumbue, mpenzi wangu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukuona huko huko. Wewe tulia tu kambini.