Mtupo wa Ishirini wa Cleophas wa Josho

Wekeni chini mitungi ya maziwa, enyi watu wa Nyansiongo. Nanyi wachongaji wa Tabaka, zipumzisheni patasi zenu juu ya mawe, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa katika uwanja wetu wa malisho Jumapili moja ya mwaka wa sabini na nane, pasipo mkuki wala ngao, kwa kisahani kimoja chekundu cha plastiki.

Kisahani hicho kilikuwa mali ya Mwalimu Marion, aliyetoka Amerika kwa kujitolea kuwafundisha watoto wetu hesabu, na ambaye kesho yake alikuwa anarudi kwao. Ndiye aliyetufunza mchezo wenyewe. Vikapu sita vya kuchumia chai vilifungwa juu ya vigingi, huku na huku uwanjani. Mtu hurusha kisahani, akakifuata, akakirusha tena kutoka pale pale kilipoangukia, mpaka kiingie kikapuni. Na mwenye mitupo michache ndiye bwana. Mwalimu alikuwa ametamka mbele yetu sote kwamba mshindi wa siku hiyo atabaki nacho. Kingine hakikuwapo katika Kisii yote.

Akatangulia Onyancha Mkono-wa-Chuma, fundi wa cherehani, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akavimaliza vikapu sita kwa mitupo ishirini na mmoja.

Ndipo akainuka Cleophas, mlinzi wa josho, mzamisha-ng'ombe, adui wa kupe. Kijana ambaye tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kushinda kitu chochote, na ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amekitamani kisahani kile kama vile wengine wanavyotamani shamba.

"Bwana Josho," akanena Onyancha, "mkono wako unanuka dawa. Kisahani kitakukimbia."

"Ewe mtia viraka," akajibu Cleophas, "kupe wengi walisema hivyo kabla yako. Wako wapi leo?"

Akarusha, akafuata, akarusha. Kikapu cha kwanza kikasalimu amri, na cha pili, na cha tatu baada ya upinzani mkali wa kichaka cha miiba. Alipovuka kikapu cha tano alikuwa na mitupo kumi na minane. Miwili zaidi, naye ni mshindi. Mitatu, na ni sare, na Onyancha ataomba pambano jipya hali mwalimu anasafiri alfajiri.

Mtupo wa kumi na tisa ulitoka mkononi mwake kama mwewe. Lakini upepo wa upande wa Sotik, usiojua haki, ukakipokea kisahani, ukakiinua, ukakizuia kisifike kikapu cha sita, ukakilaza hatua kumi na tano kabla yake, miguuni pa mama mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe.

Cleophas akamtambua. Alikuwa Mama Kemuma. Na Kemuma ni mkewe Cleophas.

Nani kati yetu asiyejua chinsoni, ile heshima iliyo kama ukuta? Mwanamume hamsogelei mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemezani naye ovyo. Na mke wa Cleophas ni mke wa ukoo. Basi Onyancha, nami niliyekuwa nikiandika mitupo, sote wa ukoo huo huo, tulikuwa wakwe vile vile. Tukageuka sote watatu, tukaupa uwanja migongo. Mwalimu Marion alidhani ni wakati wa maombi, akainamisha kichwa na kufumba macho.

"Sheria ni sheria, mominto," Onyancha akanong'ona kwa furaha. "Ndugu yangu, nenda ukarushe kutoka kilipolala. Au ukubali kushindwa, urudi kwa kupe wako."

Mama Kemuma angeondoka, kwani naye alijua heshima. Lakini ng'ombe wake alikuwa amelala chini akicheua, amekataa kuinuka, na alikuwa mwizi wa mahindi anayejulikana hadi tarafa ya pili. Asingeachwa peke yake.

Ndipo shujaa wetu akatenda jambo ambalo wazee wake hawakulitenda. Akavua koti, akajifunika kichwa nalo, akaanza kwenda kinyumenyume.

Kisha ikasikika sauti ya Mama Kemuma, akimwambia ng'ombe wake:

"Wewe Ng'ombe, kuna mtu anakaribia kukanyaga mavi yako. Aende kushoto."

Cleophas akaenda kushoto.

"Ng'ombe, mtu huyo ni mrefu, ainame. Kitu chake kiko hapo kisiginoni."

Akainama, akakishika.

"Na kikapu, Ng'ombe wangu, kiko nyuma ya bega lake la kulia. Asitumie nguvu za kuzamisha fahali. Atumie za kumpa mtoto uji."

Cleophas akavuta pumzi chini ya koti, akarusha juu ya bega. Tukasikia kitu kikigusa ufito wa kikapu, tak, kisha kimya. Hakuna aliyethubutu kugeuka.

"Kimeanguka," akasema Onyancha.

"Kimeingia," nikasema mimi.

"Uliona kwa kisogo?"

"Amina," akasema Mwalimu Marion.

Na Cleophas, aliyekuwa amesimama gizani mwa koti lake, akasema kwa sauti ndogo isiyo ya shujaa hata kidogo, "Jamani, hebu mtu aniambie."

Mama Kemuma hakumwambia, kwa kuwa haikuruhusiwa. Alimwinamia mnyama wake, akasema wazi, uwanja wote ukasikia: "Ng'ombe, waambie kimeingia, kimelala chini kabisa kama yai. Na huyo fundi anyamaze, suruali ya mume wangu ameishona miguu yote upande mmoja."

Mitupo ishirini! Iandikwe hivyo na isifutwe. Kisha mama yule, asiyeruhusiwa kumshangilia mkwe wake, akampigia ng'ombe vigelegele virefu vilivyofika hadi josho. Na ng'ombe, ambaye siku nzima hakutenda lolote ila kutafuna, akazipokea sifa hizo kwa utulivu, kama anayestahili.